Washauri wangu wanahubiri badala ya kusikiliza

SWALI: Ninasimamia washauri nasaha wanne katika kliniki ya methadoni, dawa wanayonyweshwa waraibu wa heroini. Kila Ijumaa tunakaa, tunapitia mahudhurio, kila mmoja anasema kwake mambo ni mazuri. Lakini wateja wanalalamika kuwa wanahubiriwa. Semina ya mahojiano ya kuhamasisha, yaani mbinu ya kumsikiliza mteja hadi aseme mwenyewe sababu zake za kubadilika, walishahudhuria. Nifanyeje?
Msimamizi, Dar es Salaam

JIBU: Kikao chako cha Ijumaa ni cha utawala. Kiache kiendelee, ila tenga saa nyingine ya kazi yenyewe ya ushauri. Mteja wa methadoni kwa kawaida huja dirishani kunywa dozi kila siku, hivyo daftari la dozi humeza muda wote usipoulinda.

Semina peke yake haidumu. Mwanasaikolojia William Miller, mmoja wa waanzilishi wa mbinu hiyo, na wenzake walilipima jambo hili Marekani, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: ujuzi ulishika zaidi kwa waliopewa mrejesho au kuelekezwa baada ya mafunzo. Wala usitegemee mshauri akusimulie kikao chake. Sikiliza mwenyewe.

Kila mshauri arekodi kikao kimoja kwa mwezi, kwa kifaa cha kliniki, si simu yake. Mteja aridhie kwa maandishi, na aelezwe wazi kwamba akikataa dozi yake haiguswi. Hili lisemwe kwa msisitizo, maana anayehofia kukosa dawa atakubali chochote. Mkishajadili, futeni.

Chagua wewe dakika 20 za kusikiliza. Hesabu maswali, kisha hesabu mara ambazo mshauri amemrudishia mteja alichosema au alichomaanisha. Kumrudishia mara moja kwa kila swali moja kunaridhisha. Mara mbili kwa kila swali ni vizuri zaidi. Mteja akisema, “Nikipita kijiweni mwili unasisimka,” anayehubiri hujibu, “Kwa nini unapita huko?” Anayesikiliza husema, “Umeshapajua panapokuvuta.”

Hapa ndipo wasimamizi wengi huharibu: wanamhubiria mshauri. Muulize kwanza amesikia nini katika sauti yake, chagueni kosa moja tu, kisha warudie kipande hicho dakika 5, mwenzake akiwa mteja. Alama hizo zisiingie kwenye tathmini ya mwaka. Zikiingia, utaletewa vikao vilivyopambwa.

Aliyekosa dozi siku 3 mfululizo asisubiri kikao chochote. Mwili wake umeanza kuizoea hali ya kukosa dawa, na dozi ya zamani inaweza kumzidi; daktari amwone kabla hajanyweshwa.