Je, uhaba wa ardhi ndio unaowapeleka vijana mjini?

SWALI: Mhariri, niliwauliza vijana wa kwetu wanaoendesha boda boda mtaani Kondele, Kisumu, kwa nini walihama Vihiga. Karibu wote walisema shamba la baba halitoshi kugawanywa. Je, huo si ushahidi tosha kwamba chanzo ni uhaba wa ardhi? – Msomaji, Luanda

JIBU: Ndugu msomaji, ni ushahidi, lakini hautoshi, kwa kuwa umewauliza waliohama peke yao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika kaunti yenu ya Vihiga, zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa hiyo hata kijana aliyebaki Luanda angekujibu kwamba shamba ni dogo. Sababu inayowabana wote kwa kiasi kimoja haiwezi, peke yake, kueleza kwa nini huyu aliondoka na yule akabaki. Watafute ndugu wa boma moja, waliorithi vipande vinavyolingana, uchunguze wanatofautiana kwa lipi: pengine mmoja alimaliza kidato cha nne, au alikuwa na mjomba wa kumpokea mjini. Waliohama wakarudi pia wahojiwe, nao huwapati stejini Kondele.

Sisemi kwamba ardhi haihusiki. Huenda ndiyo inayomweka mtu tayari kuondoka, ilhali kinachomwondoa ni tumaini la mapato, na kwa hilo historia yetu ina ushahidi mzito kuliko mahojiano. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira, asilimia 15 serikalini na 10 katika sekta ya kibinafsi, ili kupunguza ukosefu wa kazi. Tangazo hilo liliwavuta watafutaji kazi wapya mijini, na tatizo halikuondoka. Mashamba hayakuwa yamepungua ghafla mwaka ule; kilichobadilika ni matarajio. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro, katika nadharia waliyoichapisha 1970, walieleza kwamba mhamaji hulinganisha mapato ya shambani na mshahara wa mjini baada ya kuupima kwa uwezekano wa kuupata, ndiyo maana watu huendelea kuja hata kazi zikiwa haba.

Nadharia hiyo humchukua kijana kana kwamba huamua peke yake, na hapo mimi nina shaka nayo. Utakaporudi Kondele, waulize pia ni nani aliyewalipia kodi ya chumba cha kwanza, na alitarajia nini kutoka kwao.