Jibu: Speedgoat 5 au 6 kwa vilima vya Dodoma

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuongeza fedha ununue viatu vya kukimbilia njia za milimani vya Hoka Speedgoat 6 badala ya 5, kwa kuwa unakimbia kwenye vilima vya mawe vya hapa Dodoma. Kwa ardhi yetu ningekushauri uchukue toleo la 6.

Soli ya nje isikutoe fedha, kwani matoleo yote mawili yana mpira wa Vibram Megagrip wenye meno ya milimita 5, nao hushika vizuri sana juu ya mwamba mkavu. Tofauti kubwa iko kwenye sponji iliyo kati ya soli ya nje na mguu. Ile ya 5 ni laini na hubonyea, jambo linalopendeza kwenye njia za udongo. Ya 6 ni ngumu zaidi, hivyo mguu hauyumbi sana unapokanyaga ukingo wa jiwe wakati wa kushuka, na hapo ndipo vifundo vingi huteguka. Kitambaa chake cha juu nacho ni imara zaidi, na kwa anayepita kwenye vichaka vya migunga hilo si jambo dogo. Tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya vidole imeongezeka kwa milimita moja tu kuliko ya 5, usilihangaikie.

Ukikutana na 5 ya mtumba, ibonyeze sponji chini ya kisigino kwa kidole gumba: ikiwa imejaa mikunjo na hairudi upesi, iache hata kama meno ya soli bado ni marefu. Ila kama nyayo zako huuma baada ya mbio ndefu, ulaini wa 5 mpya utakufaa zaidi.