Mwandishi abaki kundini, ila Mama ajibiwe kwanza

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwandishi akiingia kwenye kundi la wasomaji wake mtandaoni, anawasaidia kusoma au anawaharibia? Nilitaka kujibu kwa neno moja, "anaharibu", nikalale. Lakini mmegusa kidonda cha kundi letu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na leo umeme upo, basi nivumilieni.

Kundi letu ni la WhatsApp. Tuko walimu, wanafunzi wa chuo kikuu, muuguzi mmoja, akina mama wa sokoni, na wengine ambao hatujawahi kuonana nao ana kwa ana, ingawa huenda kila asubuhi tunagombania pikipiki moja pale Entrée Président. Vitabu vinatufikia kwa taabu. Posta ya kutegemea hakuna. Riwaya ikichapishwa Paris inauzwa karibu dola 20, halafu inangoja msafiri mwenye nafasi kwenye sanduku lake, ashukie Kigali, avuke mpaka wa Grande Barrière nayo. Baada ya Januari 2025, uwanja wa ndege ulipofungwa na mabenki yakafunga milango, hata hiyo nafasi ya sanduku ikawa ya kuombwa kwa magoti. Kwa hiyo tunafanya mnachokijua: nakala moja, simu moja, kurasa zinapigwa picha na kutumwa usiku mega za intaneti zikiwa bei nafuu.

Kabla ya mwandishi kuingia, tulikuwa tunakipasua kitabu. Mwalimu mmoja alisema sura ya tatu ilimlaza mara mbili. Dada muuguzi alisema wanawake wote wa kitabuni wanalia kwa namna moja. Ugomvi mtamu! Kisha mtu akampata mwandishi mwenyewe, kaka mmoja mzaliwa wa Kinshasa anayeishi Ubelgiji, akamwingiza. Usiku huohuo mwalimu wa sura ya tatu akaandika kwamba kitabu kimemgusa sana. "Hongera mukubwa." "Kazi nzuri." Mikono ya makofi ikajaa skrini nzima. Kaka akajibu kila sifa, moja baada ya nyingine, kwa adabu. Ndiyo maana nilitaka kujibu "anaharibu".

Ila kinachonikereketa si adabu hiyo. Ni Mama mmoja.

Anauza vitenge soko la Virunga. Kifaransa hasomi, binti yake alimsomea kitabu kizima jioni, akimfasiria kwa Kiswahili. Kitabu chenyewe kinahusu mji ulio chini ya volkano, na usiku mmoja mlima unapasuka, king'ora kinalia, watu wanakimbia, moto unashuka kutoka kileleni ukinguruma na kufagia katikati ya mji, kisha Jumapili asubuhi jua linatoka na hadithi inaisha. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akatuma sauti ndefu, na kundi zima lililokuwa linapiga makofi likanyamaza.

"Mutoto yangu, aksanti kwa kitabu. Lakini iko kitu moja. Volkano yako inapiga kelele. Ya kwetu haikupiga kelele. Yenye ililia ni mabati."

Alikuwa anaishi Buhene. Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021, magharibi, mbingu ilikuwa nyekundu, na majirani wakasimama njiani wakibishana ni ipi kati ya volkano zetu mbili, Nyiragongo au Nyamulagira. Mnaoishi hapa mnajua tofauti: Nyamulagira hutapika mara nyingi na lava yake huishia porini, watu wanaitazama na kurudi kulala. Walibishana mpaka harufu ikawafikia. King'ora hakikulia, alisema, na akamuuliza mwandishi bila hasira kabisa: "Hicho king'ora ulikisikia wapi?" Aliwatuma watoto waende na jirani, yeye akabaki kufunga godoro. Lava ilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea, vijana wakiwa mbele yake wanapiga video. Ua wa jirani ukashika moto, kisha nyumba yake. Mabati yalipoanza kujikunja ndipo aliposikia ile sauti, na anasema mpaka leo mtu akitupa bati chini sokoni anageuka.

Lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Katikati ya mji haikufika.

"Kitabu yako inaishia siku ya yenga," akasema, yaani Jumapili. "Kwetu sisi mambo ilianza siku ya yenga." Akaeleza jinsi ardhi ilivyotetemeka usiku na mchana, nyufa zikakata barabara, watoto wakapotezana na wazazi wao. Yeye alikuwa amehamia kwa dada yake Majengo, na Alhamisi tarehe 27, kabla hakujapambazuka, gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa kumi ihame, Majengo ikiwemo. Akatembea mpaka mji wa Sake na lile godoro. Kwenye kitabu godoro hakuna, tetemeko hakuna, Sake hakuna.

Niongeze langu, maana Mama hakulisema. Kaka yule alichanganya volkano tatu. Mwaka 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na moto ule ulikimbia kweli. Watu walikufa kabla ya kujua wanakimbia nini. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka kuanzia mteremkoni mpaka huku chini Munigi, lava ikapita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Hiyo naikumbuka mwenyewe, na mawe yake ndiyo tuliyojengea kuta. Mwaka 2021 ni habari ya Mama. Kaka akachukua mbio za 1977, njia ya 2002 na tarehe ya 2021. Na zote tatu hazikuanzia kileleni, zilitokea kwenye nyufa za ubavuni!

Kaka alimjibu Mama sentensi mbili. "Mama, hii ni riwaya. Mlima wangu hauna jina."

Ni kweli, jina halimo. Lakini mlima wa moto, chini yake ziwa, kando ya ziwa mpaka wa nchi, na vijana wanasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zenye makaa: mtoto yeyote wa mtaa wa Birere atakuambia ni wapi. Kundi likagawanyika. Vijana wa chuo wakasema Mama haelewi maana ya kubuni. Wengine wakauliza kwa nini mtu abuni king'ora katika mji ambao watu wake walikosa king'ora. Maneno yakawa makali, msimamizi akafunga kundi, wasimamizi tu ndio wakaweza kuandika.

Mimi nafundisha Kifaransa sekondari, na kwa kanuni niko upande wa vijana. Riwaya si ripoti. Mtu ana haki ya kuupa mlima wake kelele. Kilichoniudhi ni kwamba alimshukuru kila mtu aliyemwambia asilolihitaji, na mtu pekee aliyemletea jambo asilolijua alimpa sentensi mbili.

Halafu tukasikia kwamba kaka alimwandikia Mama pembeni. Wakaanza kuongea, jioni baada ya jioni. Akawa anamuuliza harufu ilikuwaje, godoro lilifungwa kwa kitu gani, nani alimpa maji njiani. Hapo nilikasirika zaidi kuliko kwanza. Niliona wazi mwisho wake: usiku wa Mama utasafiri bure kwa sauti za WhatsApp mpaka Ubelgiji, utarudi umechapishwa Paris kwa dola 20, Mama hataweza kuununua, na sisi tutaupiga picha na kusambaza...

Nikiandika hivyo naona hasira yangu inachechemea. Yeye anachota usiku wa Mama bila kulipa, sisi tunachota kurasa zake bila kulipa, na kila upande unasema unafanya hivyo kwa kupenda vitabu. Sijui kama madeni mawili ya namna hiyo yanafutana. Nadhani hapana. Lakini siwezi tena kusimama mbele yenu na kusema mwizi ni yeye peke yake.

Nilimwendea Mama sokoni nikamuuliza kwa nini hamwombi chochote. Akacheka, akaendelea kukunja kitenge. "Nimuombe makuta, pesa, ya nini? Mi nataka aandike ile siku ya yenga."

Wazazi wetu waliandikia redio. Klabu za wasikilizaji wa idhaa za Kiswahili za Ujerumani na Uingereza zilituma kadi za salamu, na mtu akisikia jina lake likisomwa hewani alitembea wiki nzima kifua mbele. Hakuna aliyetegemea mtangazaji amuulize godoro lake lilifungwa kwa kamba gani. Hili la sasa ni jipya, na sitaki kulikataa kwa sababu tu limetuletea aibu kidogo.

Basi jibu langu si lile nililoanza nalo. Mwandishi aingie na abaki. Ila aingie baada ya sisi kumaliza kugombana, si kabla. Mwalimu wa sura ya tatu apewe nafasi ya kusema alisinzia. Sifa asizijibu. Akichukua jambo kwa msomaji, jina la msomaji liwekwe kitabuni kama msomaji anataka, na nakala ya karatasi imfikie hata kwa kuvushwa mpaka. Kuhusu picha zetu za kurasa, nitanyamaza, maana wasimamizi wanasoma gazeti hili. Na haya yote nayasema kwa vitabu vinavyotuhusu sisi. Mwandishi wa mapenzi ya Lyon akae kwake, tutamsoma vizuri bila yeye.

Mkichapisha hili, litafika kundini kabla ya saa sita mchana, na kaka atalisoma kwa sababu bado yumo. Akitaka kunijibu mimi, anaweza kuchelewa. Mama ajibiwe leo: siku ya yenga ataiandika, au haiandiki?