Chemba ya oksijeni kwa kidonda cha kisukari, ukiwa Mbeya

Dada, pole kwa mguu wa mama. Umeuliza chemba ya oksijeni, kile chumba kinachofungwa ambamo mgonjwa hupumua oksijeni kwa mgandamizo mkubwa, utaipata wapi na ni bei gani. Mimi ningeanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo hapo Mbeya: wapime kama damu inafika mguuni, waondoe nyama iliyokufa, sukari ishuke. Bila hayo chemba ni kutupa pesa.

Wakikuandikia rufaa, usiulize bei ya siku moja. Kidonda cha namna hiyo huhitaji awamu 20 hadi 40, kila moja karibu saa mbili, kwa kawaida siku tano kwa wiki. Hesabu gesti, chakula na wa kumsindikiza mpaka wiki nane. Mfuko hutobokea hapo. Ana bima? Ombeni kibali cha maandishi kabla hamjapanda basi.

Ukiona mtu ana kihema cha zipu cha kujaza hewa anachokiita chemba, muulize mgandamizo. Matibabu yenyewe ni mara 2 hadi 2.5 ya hewa ya kawaida. Vihema vile huishia kama 1.3. Na mama apigwe eksirei ya kifua kwanza, pafu lenye tatizo linaweza kupasuka ndani ya chemba.