Nimeahidiwa mtoto wa mbwa bure: nitarajie gharama na kazi gani?

SWALI: Assalaamu alaykum Daktari. Tunakaa Fuoni, Unguja, na nyumba yetu ina ukuta na ua mdogo kwa nyuma. Wezi wameshaingia kwetu mara mbili. Jamaa yangu wa Makunduchi mbwa wake amezaa, na ameniambia nikachukue mtoto mmoja bila ya malipo. Mwanangu wa miaka tisa halali kwa furaha, lakini mama yake ana wasiwasi na najisi, na mimi nina wasiwasi na mfuko. Naomba unieleze bila ya kunificha: mbwa mmoja wa nyumbani anagharimu nini, anadai kazi gani, na je, ni salama kwa watoto?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kwenda Makunduchi, kwa sababu mbwa akitunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi, na mwanao atakuwa ameshamaliza skuli wakati mbwa huyo bado anasubiri chakula chake kila jioni. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua, hata kabla ya fedha, ni nani mtu mzima katika nyumba hiyo atakayekuwa mlezi wake. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusaidia na anaweza kujifunza mengi, lakini hawezi kubebeshwa dhamana ya roho nyingine peke yake. Wengi wa mbwa ninaoletewa wakiwa taabani hawatoki katika nyumba maskini. Hutoka katika nyumba ambazo kila mmoja alidhani mwenzake ameshampa maji.

Nianze na chakula, maana ndiyo gharama isiyokatika. Mbwa wetu wa kienyeji akishakua huwa na uzito wa kilo 15 hivi, na huyo anahitaji takriban robo kilo ya chakula kikavu kwa siku. Ukimpikia mwenyewe, gramu 160 za unga wa dona au mchele wa chenga pamoja na gramu 80 za dagaa kavu, zikipikwa kwa mafuta kidogo na boga au mchicha, zinamtosha. Kwa mwezi hiyo ni karibu kilo tano za unga na kilo mbili na nusu za dagaa. Zidisha kwa bei unayonunulia Mwanakwerekwe au Darajani, kisha uzidishe kwa miezi kumi na miwili, na utapata hesabu ya kweli kuliko kiwango chochote ambacho ningekutajia mimi, kwa kuwa bei ya dagaa inapanda na kushuka kwa msimu. Mbwa mdogo anayekua hula mara tatu kwa siku, na kwa uzito wake anahitaji zaidi ya mkubwa.

Dagaa nimewataja kwa makusudi. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo inayompa mbwa chokaa (kalsiamu) ya kujengea mifupa yake. Mtoto wa mbwa anayelishwa ugali mtupu, au nyama tupu, huota miguu iliyopinda, na miguu hiyo ikishapinda si rahisi kuirudisha. Lakini dagaa wetu wengi huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mnyama. Waroweke, umwage maji yale, uwasuuze, ndipo uwapike. Makombo ya pilau na mchuzi usimpe, hata akikuangalia kwa huruma, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu chembe nyekundu za damu yake, na pilau letu halipikwi bila ya vitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Maji anahitaji kiasi cha lita moja kwa siku, na zaidi wakati wa kaskazi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na akikosa kivuli anaweza kufa kwa joto mchana mmoja. Ndiyo maana napenda kibanda cha mbwa kiezekwe kwa makuti badala ya mabati. Kinyanyue kidogo kutoka ardhini ili maji ya masika yasiingie, na mlango wake usielekee upande unakotokea upepo wa mvua. Fundi wa mtaani atakujengea kwa siku moja, na gharama hiyo unailipa mara moja tu.

Sasa chanjo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu watu wote wanaoupata duniani huupata kutokana na kuumwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto. Wala sisi wa visiwani tusijidanganye kwamba bahari inatulinda. Pemba ugonjwa huo ulikuwepo, ukamalizwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kisha mwaka 2016 ukaonekana tena baada ya kuingia kutoka nje ya kisiwa, na haukuondoka mpaka mbwa wa kisiwa kizima walipochanjwa upya. Mwaka 2018 ukawa umekwisha. Virusi vile vilivuka bahari pamoja na mnyama, na vilipofika vilikuta mbwa wasiokuwa na kinga. Kila mbwa asiyechanjwa Fuoni ni mlango wa namna hiyo hiyo.

Mtoto wako wa mbwa achanjwe kichaa akifika umri wa miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka, na kisha kwa ratiba ambayo daktari ataiandika katika kadi yake kulingana na aina ya chanjo. Serikali huendesha kampeni za kuchanja mbwa, na taarifa zake aghalabu hupitia kwa masheha, kwa hiyo mjulishe sheha wako kwamba una mbwa na uulize ofisi ya mifugo ya wilaya lini kampeni itapita kwenu. Ikiwa hakuna kampeni karibu, lipia. Fedha hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na dozi za chanjo za mtu aliyeumwa, nauli za kwenda na kurudi hospitali, na usiku ambao mzazi hatalala. Na ikitokea mwanao, au mtoto wa jirani, akaumwa au akaparuzwa na mbwa yeyote, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mwende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa asiuawe bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Kumuua mbwa kwa hasira kunatunyima njia nyepesi ya kujua kama alikuwa mgonjwa.

Chanjo nyingine zinazofaa ni za parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi ya mbwa; chanjo hizo huanza katika wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Parvo huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, na kumtibu mmoja kunaweza kugharimu zaidi ya chanjo zake zote za mwaka wa kwanza. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya wiki mbili akiwa mchanga, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu.

Minyoo inanileta kwenye swali lako la usalama wa watoto. Safura ya mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Mayai hayo huanguliwa katika mchanga wenye unyevu baada ya siku chache, na viluwiluwi vyake huingia katika ngozi ya mguu mtupu na kuchora mistari inayowasha. Mayai ya minyoo ya duara nayo huhitaji kama wiki mbili au zaidi nje kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa maana hiyo, kinyesi kikiondolewa uani kila siku na kufukiwa, sehemu kubwa ya hatari imekatwa kabla haijaanza. Watoto waoshe mikono baada ya kumshika mbwa, wasimguse anapokula wala anapolala, na mtoto mdogo asiachwe naye peke yake hata kama mbwa huyo ni mpole kiasi gani.

Kupe ndio adui wa kila siku katika hali yetu ya hewa. Mlezi apitishe vidole kila jioni ndani ya masikio, chini ya shingo na katikati ya vidole vya miguu, aondoe kila anayemwona. Mbwa akiacha kula, akawa na homa, ufizi ukapauka, akatoka damu puani au mkojo ukawa mweusi kama kahawa, msingojee wiki ipite, kwa sababu hizo ni dalili za magonjwa ya kupe; baadhi yake hutibika kwa vidonge vya wiki nne mkiwahi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe msimmwagie kwa kukisia. Nimepokea watoto wa mbwa wakitetemeka na kutoka mapovu kwa sababu tu mtu mwenye nia njema alikisia kipimo.

Ukosi pia mnunue, na muulegeze kadiri anavyokua. Kuna jambo ninaloliona mara nyingi na ambalo linaniuma: mtoto wa mbwa amefungwa kamba ya nailoni shingoni, amekua, kamba imebaki ile ile mpaka imezama ndani ya nyama, na wenyewe hawakujua mpaka waliposikia harufu. Ukosi uwe na nafasi ya kupitisha vidole viwili, na uangaliwe kila wiki. Na asifungwe mchana kutwa. Mbwa anayefungwa saa zote hawi mlinzi bora; huwa mkali bila ya kuchagua, na wa kwanza kuumwa huwa mtu wa nyumbani au mtoto aliyefuata mpira.

Kuhusu najisi, mimi ni daktari wa mifugo, na fatwa ni kazi ya wenyewe. Muulizeni sheikh wa msikiti wenu mkiwa pamoja, wewe na mama watoto, kabla ya kuamua. Ninachokifahamu, kama wanavyofahamu wengi hapa kwetu, ni kwamba katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwamba hadithi imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na kwamba wapo wanazuoni waliolinganisha mbwa wa kulinda nyumba na hao. Wasasi, yaani wawindaji, wa Unguja wamekuwa na mbwa tangu zamani na wanasali kama sisi. Kwa upande wa matumizi, mbwa awe na sahani zake, fagio lake na sehemu yake ya ua, na kuwe na mlango unaofungika kati ya ua huo na jikoni. Nguo za kumuogeshea ziwe mbali na za sala. Nyumba zinazopanga hivi tokea mwanzo hazipati taabu kubwa. Zinazopata taabu ni zile zinazomruhusu mtoto wa mbwa kuingia ndani kwa kuwa ni mdogo na mzuri, kisha zinamfukuza akishakua, na yeye haelewi kosa lake.

Majirani nao wana haki zao juu yako. Fuoni nyumba zimekaribiana, na watu hupita alfajiri kwenda msikitini wakiwa na udhu. Mbwa wako asiwe njiani saa hiyo wala saa nyingine yoyote, wala asiwatimue kuku wa watu. Akimjeruhi mtu au akiua mbuzi wa jirani, mbebaji wa hasara ni wewe. Ningekushauri uwaarifu majirani wa karibu kabla hajafika, na uwaoneshe kadi ya chanjo akishachanjwa.

Kisha kuna uzazi. Mbwa jike huweza kushika joto akiwa na miezi sita au saba, mimba yake ni siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto sita au zaidi kwa mkupuo mmoja. Wale ambao hawakupata wenyewe ndio mbwa koko tunaowaona majaani na ufukweni, wanaopigwa mawe na kutiliwa sumu. Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi, akifika miezi sita hivi. Operesheni hiyo huenda ikawa gharama kubwa kuliko zote za mwaka wa kwanza, kwa hiyo anzeni kuiwekea akiba mwezi ule ule mnaomleta.

Ukinitaka nitoe kauli yangu: kwa ukuta na ua ulionao, mbwa anawezekana, maadamu mtu mzima mmoja aliyepo nyumbani asubuhi na jioni amekubali kwa hiari yake kuwa mlezi, na mama watoto ameridhika. Likikosekana moja kati ya hayo, mshukuru jamaa yako na umwache mtoto wa mbwa kwa mama yake. Kitasa imara na taa ya nje vitakusaidia dhidi ya wezi.

Mkikubaliana, msimchukue kabla hajatimiza wiki nane, kwa sababu anayetengwa mapema na mama na nduguze huwa mwepesi wa kuuma. Muulize jamaa yako kama mbwa mama amechanjwa na lini watoto walipewa dawa ya minyoo. Siku mnayomtoa Makunduchi mpitisheni kwanza kwa daktari wa mifugo, pamoja na kinyesi chake cha asubuhi ndani ya kichupa kilichofungwa, na mpaka amalize chanjo zake asitoke nje ya ua wenu.