Jogoo wa Silkie mwenye dhahabu shingoni

Dada wa Kisauni, umeuliza kama huyo jogoo mweusi wa Silkie (aina ya kuku wa manyoya laini) unayetaka kumnunua, aliyeanza kuota manyoya ya dhahabu shingoni, ni chotara. Rangi iache kwanza. Mshike umkague mwili. Kila mguu uwe na vidole vitano, cha tano kimejitenga na kupinda juu. Pekua manyoya ya kifua: ngozi iwe nyeusi inayoelekea buluu. Ukiona ngozi nyeupe, mwachie muuzaji kuku wake. Upanga wa kichwani uwe wa duara, wenye vijinundu na rangi ya zambarau. Ukiwa na meno kama msumeno, kuna damu nyingine hapo. Manyoya nayo yawe laini kama pamba, hadi miguuni.

Sasa hiyo dhahabu. Majogoo weusi huitoa sana wakikomaa, hata walio safi. Ni dosari ya rangi, kwa hiyo usimpandishe kama wataka vifaranga weusi tii. Kwa kufuga tu, mnunue, ila ushushe bei. (Weupe nao hugeuka manjano kwa jua letu hili.) Na masika umfungie pakavu, manyoya yale hayazuii maji kabisa.