Mkuu, usimimine hizo chembe Jumatatu

Weka pipeti chini kwanza. Umeniandikia kuhusu jaribio lako la sumu ya chembe nano za fedha (madini, vipande vya nanomita chache tu): chupa yako imeandikwa "fedha, nm 20", kwa hiyo utaimimina kwenye maji ya E3 (maji ya chumvi kidogo ya kulelea viinitete), utie viinitete vya samaki pundamilia, na baada ya saa 96 uhesabu maiti. Ndivyo nilivyofanya mimi. Miezi minane ya shahada ya uzamili ikaenda na maji, tena maji yenyewe machafu.

Grafu yangu ilivyopendeza! Dozi ikipanda, vifo vinapanda. Nikaandika kifua mbele kwamba chembe nano zinaua. Mtahini akauliza swali moja: kilichoua ni chembe, au ni ayoni za fedha (atomi zenye chaji) zilizoyeyuka kutoka kwenye chembe? Nikabaki nimetoa macho kama hao samaki.

Nikarudi maabara, nikazungusha ule mchanganyiko wa chembe kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) yenye kichujio cha kDa 3, matundu madogo mno. Chembe zikabaki juu. Viinitete nikavipa yale maji yaliyopita tu, yasiyo na chembe. Vikafa karibu vilevile! Kumbe chupa ilikaa rafuni miezi, hewa ikala fedha, ayoni zikajaa. (Wanaosema fedha haikai mikononi mwa mwanafunzi wamepata ushahidi.)

Chembe zilizosalia nazo, chumvi ya E3 ilizigandisha mabonge. Kipimo kilinipa mamia ya nanomita, mabonge yamelala chini ya kisima, kile kishimo cha sahani ya majaribio. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi hiyo nayo ikadaka sehemu ya ayoni. Ule mkolezo niliojaza kwenye jedwali ulikuwa wa kwenye mizani. Kisimani mlikuwa na kitu kingine kabisa.

Aliyenipoteza ni mkubwa mmoja wa maabara. "Tikisa kwa mawimbi ya sauti dakika kumi, mimina, samaki watakwambia." Samaki hawasemi, bwana! Akanikabidhi mwongozo wa majaribio ya viinitete vya samaki wa OECD (shirika la nchi za kiuchumi) namba 236 wa 2013 kama msahafu, asiniambie kwamba uliandikwa kwa kemikali za kawaida. Wa nano ni waraka namba 317, wa 2020. Nimeujua baada ya kulia.

Kwa hiyo: pima kilichomo kisimani kabla ya kuhesabu aliyekufa. Pima saa ya 0, pima tena kila unapobadilisha maji. Weka kundi la nitreti ya fedha (chumvi inayotoa ayoni bila chembe) lenye ayoni kiasi kilekile, kundi la maji yaliyochujwa, na kundi la kile kilichovishwa chembe, sitreti au PVP, peke yake. Ukiwa na oksidi ya zinki ni hivyohivyo, nayo inayeyuka.

Idadi uliyouliza ni viinitete 20 kwa kila mkolezo. Kuna jambo la gamba la yai pia uliuliza, sijui la kulivua au kuliacha, nitarudi nikipata nafasi. Kama maabara yenu haina kifaa cha kupima fedha iliyoyeyuka, kaombe kwa jirani, hata kwa magoti. Mimi nilipiga.